Klabu ya mazingira shuleni: anzeni na koki inayovuja, miti itakuja baadae

Huwa napata sana meseji za wanafunzi wananiuliza tunataka kuanzisha klabu ya mazingira shuleni kwetu tuanzie wapi, na karibu wote wanakua wameshajijibu wenyewe kwenye sentensi ya pili: tunataka kupanda miti. Jamani. Mi sina ugomvi na miti, ila nisikilizeni kwanza kwasababu hilo kosa nimelifanya kwa mikono yangu hii hii.

Nlikua sekondari, tukapata miche 60. Siku ya kupanda ilikua sherehe kabisa, mgeni rasmi, hotuba mbili, picha za kutosha, kila darasa likapewa mstari wake. Miezi minne baadae, tumetoka likizo, napita pale nakuta miche 9. Nikavuta mmoja uliokauka ukatoka mzima mzima bila kubisha, na kile kiriba cheusi, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea, bado kimeuvaa kama soksi, mizizi imejizungusha humo ndani kama kamba imekosa pa kwenda. Yaani watu 60 tulichimba mashimo, tukashindilia udongo, tukapigwa picha na tukapiga makofi na hakuna hata mmoja aliesema jamani tuvue viriba kwanza. Siyo yote ilikua hivo, kuna waliovua, ila na hiyo iliyovuliwa mingi ilifyekwa. Mzee anaefyeka majani shuleni hakuna aliemwambia pale pamepandwa kitu, na mche wa futi moja ndani ya majani ya futi mbili nani ataujua? Alifanya kazi yake. Sisi ndo hatukufanya yetu.

Nlikuja kupoa moyo siku nliyosoma habari za Wangari Maathai. Wote tunamjua kwa Nobel ya amani ya 2004 na mamilioni ya miti, lakini mwaka 1977 alianza na miti 7 tu pale Nairobi, na kati ya hiyo 5 ikafa. Na baadae kina mama waliokua wanaotesha miche walikua wanalipwa kidogo kwa ule mche ulioshika, siyo kwa ule uliopandwa. Hapo ndo pana somo kubwa kuliko hotuba zote mbili za mgeni wetu wa siku ile. Kupanda kunaisha siku moja, kutunza ni miaka, na klabu changa yenye watu wanane haina uwezo wa kitu cha miaka kabla haijajifunza kufanya kitu cha wiki mbili.

Sasa kitu cha wiki mbili ni kipi? Kwetu ilikua maji, na ilianza kwa bahati tu. Nyuma ya bweni kulikua na koki inatoa kauzi kembamba ka maji usiku na mchana, kila mtu ameizoea, sauti yake hata huisikii tena. Rafiki yangu mmoja mwenye kichwa cha hesabu akachukua chupa ya lita moja akaiweka chini akaangalia saa. Dakika 4 imejaa. Piga hesabu, hiyo ni lita 15 kwa saa, lita 360 kwa siku, koki moja! Tukazunguka shule nzima na chupa ile ile tukapata nyingine tatu, moja inajaza kwa dakika 10, nyingine 20, nyingine inadondosha tone tone inachukua dakika 40. Jumla yake lita 612 kwa siku, yani ndoo 30 za lita 20 zinaenda mtaroni huku asubuhi watu wanapanga foleni na ndoo.

Tukaenda kwa mkuu wa shule. Na hapa wengi mnakosea kwahiyo nakaa kidogo. Msiende kumuelezea dunia inavyopata joto na barafu inavyoyeyuka, anajua, na hata kama hajui siyo yeye atakaeizuia leo saa nne asubuhi huku mezani ana barua kumi. Nendeni na namba zenu wenyewe mlizopima hapo hapo shuleni na ombi MOJA. Sisi tulikua na karatasi moja tu, koki nne, dakika zake, lita zake, na chini tumeandika tunaomba raba nne za koki na fundi bomba aje nusu saa wawili wetu wakae nae waone anavyofanya. Alisoma, akanyamaza, akauliza hizi namba mmezitoa wapi, tukamuonyesha chupa. Ikaisha hivo. Mara nyingi koki inayovuja ni ile raba ya ndani tu imeliwa, unafunga maji kwenye valvu, unafungua kichwa, unatoa ya zamani unaweka mpya. Kitu kidogo mno kiasi kwamba unaona aibu kimekaa miaka yote ile.

Baada ya pale tukapima tena. Msiruke hatua hii hata kama mmechoka. Kupima kabla kunawapa ruhusa, kupima baada kunawapa heshima, na kwenye ombi la pili hatukuulizwa maswali mengi. Choo cha kuvuta pia mkikague, dondosheni rangi kidogo kwenye maji ya tangi la juu msivute kama robo saa, ukikuta rangi imeshuka kwenye sinki basi kinavuja kimya kimya na hicho ndo kinakunywa maji kuliko koki maana hakuna anaekiona.

Mbolea sasa. Kila klabu inataka kutengeneza mboji, na sisi tulitaka, tukachimba shimo karibu na jiko tukawa tunamwaga mabaki ya chakula kila siku, mabaki tu, ndoo juu ya ndoo. Wiki ya pili harufu ikafika madarasani. Inzi usiseme. Mpishi alitutazama siku hiyo kwa jicho ambalo mpaka leo nalikumbuka, na alikua na haki kabisa. Tatizo letu ni kwamba vitu vibichi vyenye maji peke yake vinashikana, hewa haipiti, vinaoza vibaya vinatoa ule uvundo na gesi ya methani juu yake. Inatakiwa uchanganye na vikavu, majani makavu, maranda, makaratasi yaliyochanwa, na vikavu viwe vingi kuliko vibichi, sisi tulitulia kwenye ndoo moja ya mabaki kwa mbili mpaka tatu za majani makavu. Unyevu wake ukikamata mkononi uwe kama kitambaa ulichokikamua, siyo kinachochuruzika. Na lundo liwe na ukubwa, kama mita moja kila upande, likiwa dogo halishiki joto. Likikubali utajua wenyewe, unaingiza fimbo katikati ukiitoa baada ya muda imekua moto, humo ndani linaweza kufika nyuzi 55 mpaka 65 na ndo linaua mbegu za magugu. Mligeuze kila baada ya wiki moja au mbili. Nyama na mafuta msiweke, panya hawahitaji kualikwa.

Ila kilichotuokoa zaidi siyo hayo makaratasi ya kanuni, ni kuongea na yule mpishi. Tulienda kuomba msamaha akatuambia nyie mnachanganya maganda na maji ya kuoshea vyombo mnategemea nini. Akawa anatutengea ndoo ya maganda peke yake. Tungemuuliza siku ya kwanza tungeokoa mwezi mzima! Ndo maana nasema kwenye klabu yoyote ya mazingira watu wa kwanza kukaa nao chini ni mpishi, mfanya usafi, mfyekaji na mlinzi, hao wanajua taka inatoka wapi inaishia wapi kuliko mwalimu mlezi wenu na kuliko nyie. Na msiwaongezee kazi. Ukileta mapipa matatu ya rangi tatu halafu jioni mfanya usafi anayamwaga yote kwenye shimo moja na kuchoma, usimlaumu, hukumuuliza kama kuna anaekuja kuchukua hiyo plastiki. Tafuteni kwanza mchukuaji ndo mje na mapipa. Karatasi ikishalowa mchuzi hakuna anaeitaka, na chupa za plastiki wengi wanataka zisizo na uchafu, zimetengwa kwa aina, angalieni ile namba kwenye pembetatu chini ya chupa, chupa nyingi za maji na soda ni 1 na madumu mengi ni 2. Plastiki kuchoma hapana, ule moshi ni sumu na unaingia madarasani kwenu wenyewe.

Kitu kingine ambacho hakisemwi. Kuna kipindi mwalimu wa zamu alianza kuwaleta waliochelewa namba kuja kumwagilia miti yetu kama adhabu. Mwanzoni tulifurahi, watu wa kusaidia wameongezeka! Ndani ya mwezi kumwagilia mti kukawa ni aibu, ukionekana na kopo unaulizwa umefanya nini leo. Wadogo wakaacha kuja. Tukamuomba mlezi wetu aongee na walimu wenzie, kwa adabu lakini kwa kukaza, adhabu zitafutiwe pengine. Ikachukua muda kurudi sawa. Kwahiyo hili mliombe mapema kabla halijatokea.

Na msijisumbue na wingi wa wanachama. Roots & Shoots ya yule mtafiti wa sokwe Jane Goodall, ambayo ni programu ya mazingira kwa vijana na saivi iko nchi nyingi tu, ilianza 1991 Dar es Salaam na wanafunzi 12. Sisi tuliwahi kuandikisha majina 140 kwenye daftari, wanaokuja Jumamosi ni 11, na hao 11 ndo walikua klabu. Wale wengine walitaka sehemu ya kutokea kwenye picha, sawa, waje siku ya picha.

Miti tulipanda tena, ndio, mwaka uliofuata, 12 tu. Kila mmoja una watu wawili, mmoja wa darasa la juu na mmoja wa chini, ili mkubwa akimaliza shule mti usibaki yatima. Viriba tumevua (nlisimama mwenyewe kila shimo kama polisi), tukazungushia mawe na kijiti cha rangi, na yule mzee wa kufyeka tulimzungusha mti kwa mti tukamuonyesha, akatuambia miwili tumeipanda njia ya maji ya mvua tuihamishe. Likizo tukafukia chupa zilizotobolewa kitako pembeni ya kila mche, mlinzi akawa anajaza mara mbili kwa wiki, tulimuomba na akakubali. Ilishika 10. Miwili hatukujua shida ni nini.

Kinachoua klabu nyingi ni mitihani ya mwisho. Waanzilishi wote ni darasa moja, wanamaliza, wanaondoka na kila kitu kichwani. Kwahiyo toka mwanzo wekeni daftari, siyo la mahudhurio, la kazi: koki ipi, ilijaza chupa kwa dakika ngapi, raba imebadilishwa lini, lundo limegeuzwa lini, nani aliombwa nini akajibu nini, na makosa yaandikwe pia hata yale ya aibu. Mwenyekiti awe wa darasa la chini kabla hamjamaliza, mbaki pembeni mkimuangalia anavyokosea.

Daftari la kwetu bado lipo. Juzi kijana anaelitunza saivi, sijawahi kuonana nae, alinitumia picha ya ule ukurasa wa koki nne, mwandiko wangu mbaya ule ule, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba ile chupa yetu wameirithi na wameipima, ikijaa mpaka mdomoni inazidi lita moja, kwahiyo hesabu zangu zote ziko chini ya ukweli. Akaniuliza kwa heshima zote, kaka, turekebishe au tuache kama kumbukumbu? Nimemwambia kata mstari uandike yako.