Maswali na majibu: Umbo limeingia, rangi zimebaki wapi?

Nimepewa mchoro wa 3D wa kabati la jikoni kwenye flashi, faili la OBJ. Kwangu linafunguka kijivu tupu, ila kwa aliyenipa lina mbao na marumaru. (Uyole, Mbeya)

OBJ hubeba umbo tu. Rangi huandikwa katika faili la pili, MTL, na picha za mbao na marumaru ni mafaili mengine kabisa. Omba folda nzima. Kama MTL unayo na bado ni kijivu, ifungue kwa Notepad utafute mistari inayoanza na map_Kd. Mara nyingi utakuta hivi:

map_Kd C:\Users\Ofisi\Picha\mninga.jpg

Hiyo ni anwani ya kwenye kompyuta ya mwenzako. Bakiza map_Kd mninga.jpg, hifadhi, weka picha folda moja na OBJ, kisha ingiza upya. Halafu fungua OBJ yenyewe: jina lililo kwenye mstari wa mtllib, huko mwanzoni, lazima lilingane na jina la faili la MTL herufi kwa herufi. Wengi hubadilisha jina la faili liwe zuri, na hapo ndipo rangi hupotelea. Programu yako ikipokea GLB, aina nyingine ya faili la 3D, omba hiyo. Picha zote huweza kufungwa humo humo.

Mlango umeingia mdogo kama punje ya ulezi. (Iringa)

OBJ haisemi kipimo. Mchoraji alitumia mita, mlango ukawa 2.1, nawe programu yako ikasoma milimita 2.1. Chagua mita wakati wa kuingiza, au kuza mara 1000. Kama alichora kwa inchi na wewe unatumia milimita, ni mara 25.4. Tafadhali usikuze kwa kukadiria kwa macho. Fundi atakata mbao kwa vipimo hivyo.

Nyumba imelala chali. (Njombe)

Huko ilikotoka, mhimili wa Y ndio unaoelekea juu. Kwako ni Z. Izungushe digrii 90 kwenye mhimili wa X.

Nimepanda migomba 40 kwenye mchoro, kompyuta imegoma. (Tukuyu)

Anza na picha za majani. Picha ya pikseli 4096 kwa 4096 ikifunguliwa hula takriban MB 64 za kumbukumbu. Ya 1024 kwa 1024 hula MB 4, na mgomba ulio mbali na kamera hauonyeshi tofauti. Kisha punguza poligoni (vipande bapa vinavyounda umbo) kwenye programu ya Blender kwa Decimate, ukianza na 0.3, yaani kubakiza asilimia 30. Ukishuka sana majani huchanika, kwa hiyo shuka kidogo kidogo ukitazama. Kwenye SketchUp, geuza mgomba mmoja kuwa Component ndipo unakili, maana nakala zote 40 zitatumia umbo lile lile moja na faili halitavimba.