Duka linauza kila siku, mbona mtaji unapungua?

Ukitaka kujua kama duka la rejareja linakulipa, usiangalie droo. Mle ndani kuna mtaji, faida, pango na hela ya mzigo wa kesho, vyote vimechanganyika.

Chukua mfuko wa sukari wa kilo 50. Tuseme umenunua kwa shilingi 130,000, yaani 2,600 kwa kilo, nawe unauza 2,800. Wengi hupiga 200 mara 50, wakaandika faida 10,000. Lakini sukari huuzwa kwa robo na nusu, na kila ukipima inazidi kidogo. Ikipotea kilo 1 tu, utauza kilo 49 na kupata 137,200. Toa 130,000 za mzigo, bodaboda 3,000 na vifungashio 1,000. Imebaki 3,200, na hapo pango na umeme bado. Jirani akikopa kilo 2 asilipe, 5,600 zimekwenda: faida ya mfuko mzima na sehemu ya mtaji. Ndiyo maana daftari la madeni liwe na kikomo kwa kila mteja, na akifika hapo alipe kwanza.

Kila jioni, piga hesabu hii kabla ya kutoa chochote: fedha taslimu, jumlisha iliyoingia kwa simu, bidhaa zilizokopwa leo na matumizi yaliyotoka kwenye droo, kisha toa chenji uliyoanzia asubuhi na madeni ya zamani yaliyolipwa leo. Hayo ndiyo mauzo ya siku. Madeni ya zamani hutolewa kwa sababu yalishaandikwa mauzo siku yalipokopwa. Unga uliopelekwa nyumbani nao uandikwe, kwa bei ya kununulia, kama matumizi ya mwenye duka. Hapa ndipo madaftari mengi hudanganya.

Mwisho wa mwezi hesabu bidhaa zote kwa bei ya kununulia. Mfano: ulianza na mzigo wa 3,000,000, ukanunua wa 4,000,000, umebaki wa 2,600,000. Basi mzigo uliouzwa ni 4,400,000. Kama mauzo ni 5,000,000, faida ghafi ni 600,000. Pango 150,000, msaidizi 150,000 na umeme 30,000 vikitoka, faida halisi ni 270,000. Sasa kama ulichukua 350,000 za nyumbani, umekula mtaji 80,000. Hutauona upungufu huo kwenye droo, kwa sababu fedha zimeongezeka 320,000: mauzo 5,000,000, toa 4,000,000 za kununua mzigo, 330,000 za gharama na 350,000 za nyumbani. Ila mzigo umepungua 400,000. Miezi sita ya hivyo, mtaji wa karibu nusu milioni umeliwa na hakuna aliyeiba.

Kwa hiyo jipangie posho, na iwe chini ya faida halisi ya mwezi mbaya, si ya mwezi mzuri. Katika mfano huu, 200,000 inatosha. 70,000 inayobaki iongeze mzigo, ukianza na bidhaa zinazoisha haraka. Na laini ya simu ya duka iwe ya duka tu: ada ya shule na michango ya harusi zisipite humo.