Uliza Mwalimu: Je, ni uhuru uliompa sauti?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu anatunga hadithi ya msichana mtumwa wa Marekani aliyepata uhuru wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Anasema msichana huyo hakujua hata herufi moja mpaka mwalimu kutoka Kaskazini, kwenye majimbo yasiyo na utumwa, alipokuja kumfundisha. Je, ndivyo ilivyokuwa? – Mama msomaji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wengi walianzia hapo, lakini wako waliofika kwenye uhuru wakiwa tayari wanajua kusoma. Msimulie habari za Susie King Taylor, ninayempenda kuliko wote wa zama zile.

Alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1848. Tangu 1829 sheria ya jimbo hilo ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Bibi yake, aliyemlea mjini Savannah, alimpeleka kwa mjane Mweusi aliyekuwa huru, aliyefundisha watoto jikoni kwake. Vitabu vilifungwa kwa karatasi polisi wasivione, na watoto waliingia uani mmoja mmoja. Baadaye Susie ndiye aliyemwandikia bibi yake vibali vya kutembea usiku. Mtoto mtumwa, mwanangu, anaandika karatasi ya kumruhusu mtu mzima apite barabarani!

Mwaka 1862 alitoroka na jamaa zake hadi visiwa vilivyoshikwa na jeshi la Kaskazini. Nahodha wa meli ya kivita alimuuliza kama anajua kusoma na kuandika. Aliposema ndiyo, nahodha hakusadiki. Akampa kitabu na penseli. Akaandika jina lake na mahali alikotoka. Nahodha akasema anaonekana tofauti sana na wenzake. Susie akakataa palepale: wao wamelelewa shamba, yeye mjini, basi. Hapo ndipo ninapoisikia sauti yake hasa. Alikuwa na miaka 13 tu, na hakukubali sifa inayowashusha watu wake.

Alipoombwa kufundisha kisiwani St. Simons, alisema yuko tayari, ila aletewe vitabu. Yakaja makasha mawili makubwa. Mchana akafundisha watoto wapatao 40, usiku watu wazima.

Kumbukumbu zake alizichapisha mwaka 1902, na humo hakuficha uchungu. Mwanawe aliugua Louisiana, akanyimwa kitanda cha treni kwa sababu ya rangi yake, akafia hukohuko. Kwa hiyo binti yako asiikatishe hadithi siku ya uhuru. Amwache msichana wake akue, aandike na hayo.