Andika dhana yako kabla hujafungua mota

Mwaka wangu wa tatu katika kazi ya kusuka mota, bobinaji kama tunavyoiita hapa Lubumbashi, mama mmoja wa Katuba aliniletea mota ya mashine yake ya kusaga mahindi. Ilikuwa ya fezi tatu, yaani inayolishwa na nyaya tatu za umeme, nzito, imejaa vumbi la unga hadi ndani ya feni. “Papa fundi,” akasema, “inalia mmm, halafu haizunguki.” Nikainama nikanusa. Harufu ya vanishi iliyopata joto ilikuwapo. Nikamwambia pale pale: mama, waya umeungua, niachie niisuke upya.

Nikakata koili zote, nikahesabu mizunguko, nikapima unene wa waya, nikaweka karatasi mpya, nikasuka, nikapaka vanishi, nikaanika. Siku nne. Ya tano tukaifunga mahali pake, nikabonyeza kitufe, nayo ikalia mmm.

Kosa lilikuwa ukutani kwake, ndani ya kontakta, ile swichi inayopeleka umeme kwenye mota. Ncha moja ilikuwa imeungua na fezi moja haikupita. Mota ya fezi tatu iliyosimama ikipata fezi mbili tu haianzi kuzunguka: inalia, inapata joto, na ukiichelewesha hapo inaungua kweli. Wadogo zangu, jambo hilo nilikuwa nalijua. Mwalimu angeniuliza ningemjibu bila kusita. Multimeta nilikuwa nayo, na kupima koili tatu kuona kama zinalingana ni kazi ya dakika tano. Shaba niliyoikata ilikuwa nzima. Gharama nilibeba mwenyewe, na kwa siku hizo zote majirani wa yule mama walipeleka mahindi yao kwingine.

Nilijilaumu muda mrefu kwamba nilikuwa mzembe, mpaka nikaelewa kwamba uzembe haukuwa chanzo, maana siku zile nne nilifanya kazi safi sana. Pua ilinipa jibu, na jibu lile nililichukua kama kipimo. Sikujiuliza hata mara moja: hili ninalolisema nimelijuaje? Kujiuliza hivyo, kuitazama fikra yako ikiwa kazini, wasomi wameliita metakognisheni. Jina hilo lilienezwa miaka ya 1970 na John Flavell, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza jinsi watoto wanavyoijua kumbukumbu yao wenyewe. Mimi nililifikia kwa njia ya shaba.

Sasa mjue ninachowataka mfanye, nyinyi mnaoingia atelie, karakana yetu, mwaka huu. Mota ikifika, sikilizeni maneno ya mwenye mali, itazameni, inuseni mkitaka. Kisha, kabla spana haijagusa boliti, chukueni daftari mwandike mstari mmoja: nadhani ni nini, nina hakika kiasi gani kati ya 10, itanichukua muda gani. Kazi ikiisha, andikeni pembeni ilikuwa nini na ilichukua muda gani kweli. Tumieni penseli, maana mikono yetu ina mafuta na kalamu ya bik haishiki kwenye karatasi yenye mafuta.

Kwa nini kuandika, wakati kukumbuka kunatosha? Kwa sababu hakutoshi. Ukishaliona kosa lenyewe, akili hukuambia kwamba ulilijua tangu mwanzo, na unaiamini. Nimemwona kijana akisema “ni rulma”, yaani beringi, asubuhi, mchana tukakuta kondensa, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza, imekufa, jioni anamsimulia mwenzake jinsi alivyoshuku kondensa toka mapema. Hakuwa anadanganya, ndivyo alivyokumbuka. Penseli peke yake ndiyo iliyoshika alichodhani saa mbili asubuhi.

Daftari langu la kwanza nililisoma upya baada ya miezi sita hivi, Jumapili moja, nimekaa uani. Pampu za visima nilikuwa nazipata vizuri. Mota za kusagia, vibaya. Na pale nilipokosea, karibu kila mara nilikuwa nimeandika “waya”, tena kwa hakika ya 8 au 9. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Waya ndiyo kazi ninayoipenda, ndiyo niliyofundishwa kwa mikono na mkubwa wangu, kwa hiyo kila mota ilipolia mimi nilisikia waya. Kontakta, fyuzi, kebo iliyolegea, hayo niliyaona kuwa mambo ya fundi mwingine. Tangu siku ile nina sheria ya mashine za kusaga: naanza ukutani, napima fezi tatu pale kwa mteja, ndipo nafungua mota. Sheria hiyo ni yangu, kwa udhaifu wangu. Wako huenda ni mwingine, na daftari langu haliwezi kukuonyesha.

Safu ya muda nayo ilinifundisha. Niliahidi siku mbili, ikawa nne, na sababu zilikuwa zile zile: boliti zenye kutu, waya wa unene ule umekwisha sokoni, umeme umekatika, vanishi haikauki miezi ya mvua. Kila mara nilikuwa nahesabu muda wa kusuka peke yake. Watafiti waliwahi kuwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wangemaliza lini tasnifu zao. Walikadiria siku 34 kwa wastani, wakatumia 55. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1994, na ndani yake nimeiona atelie yangu. Siku hizi mteja akiniuliza, siwazi kazi itakavyokwenda. Nafungua daftari natafuta mota tatu zinazofanana na yake, nampa muda zilizochukua. Wengine hununa kidogo. Lakini siku niliyowaambia wanaikuta mota yao tayari.

Kuna jambo la kujifunza pia, na hapa nawasihi sana. Wiki iliyopita nilimwonyesha kijana wetu mara tatu jinsi ya kuunga nyota na jinsi ya kuunga pembetatu, njia mbili za kuunganisha koili tatu za mota. “Yaya, nimeelewa,” akasema (yaya kwetu ni kaka mkubwa), na uso wake ulionyesha ameelewa. Nikafunga kifuniko cha boksi la nyaya, nikampa kipande cha mkaa: nichoree kwenye sakafu. Vituo sita vya nyaya alivichora. Vibao vya kuunganisha vikamshinda, akaviweka vyote vitatu wima. Hiyo ni pembetatu, wakati mota yenyewe ilikuwa ya 220/380, yaani pembetatu kwa volti 220 na nyota kwa 380, na umeme wetu wa fezi tatu ni volti 380. Angeiunga hivyo ingeungua mbele yetu. Kumtazama mtu akifanya kunatoa hisia ya kujua, na hisia hiyo haipimi kitu. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke huko Marekani walionyesha jambo hili kwa wanafunzi: waliosoma maandishi mara nne walikuwa mbele baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, na waliosoma mara moja kisha wakajaribu mara tatu kuyakumbuka bila kutazama walipata 61. Waliorudia kusoma ndio waliokuwa na hakika zaidi kwamba watakumbuka. Basi usiseme umeelewa kabla hujachora. Na chora kesho yake pia, kwani kuchora pale pale baada ya kuonyeshwa ni rahisi mno.

Haya yote si ya kufanya mkiwa na umeme mkononi. Boksi likiwa wazi na fezi zikiwa hai, fuateni utaratibu wa kuzima na kupima kama mlivyofundishwa, bila kuwaza mengine. Daftari lina wakati wake: kabla, na baada.

Yule kijana alirudia mchoro Jumanne, vibao vikakaa vizuri. Jana ililetwa pampu isiyosukuma maji. Nilikuta tayari ameandika, kabla sijafika: “kondensa, 5, nusu siku.” Nikamuuliza kwa nini 5 na si 8. “Kwa sababu sijaisikia ikianza, yaya. Nimeambiwa tu.”