Ekinasea haitaki kubembelezwa

Niliondoka Marangu, Kilimanjaro, na mikono iliyojua jambo moja kuhusu mimea: ukiupenda mmea, ulishe. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa na ng'ombe wawili wa kukatiwa majani, na samadi yao yote iliishia kwenye migomba na kahawa. Mgomba haukatai samadi. Kwa hiyo nilipopata nyumba yenye kiwanja kidogo nje ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, nikanunua miche sita ya ekinasea, ua la zambarau linalochipua upya kila mwaka, na kuitunza vile nilivyolelewa. Nilichanganya udongo na mboji mpaka ukawa mweusi tii, nikatia na mbolea ya dukani juu yake, na kila jioni nilitoka na mpira wa maji.

Ilikua haraka mno. Majani mapana, mabua marefu kufika kifuani, na maua ya kuhesabika. Julai ikaja mvua moja ya radi, ikailaza yote chini kama mpunga uliokanyagwa. Nikaifungia vijiti. Kilichoniuma zaidi kilikuja baada ya majira ya baridi: kati ya miche sita, minne haikuamka. Nilipoichimba nikakuta shingo ya mmea, pale mizizi inapokutana na mabua, imekuwa uji mweusi unaonuka.

Nawaandikia ninyi mnaolima bustani huku kwenye theluji ili msirudie mwaka wangu ule. Ekinasea ni mzaliwa wa huku huku. Kwao ni mbuga za nyasi na kingo za misitu za katikati na mashariki mwa Marekani, ambako hakuna aliyewahi kuimwagia mbolea. Ndugu yake ni alizeti. Imezoea jua la kutwa, ushindani wa nyasi na udongo wa wastani. Ukiinenepesha inalegea.

Kwanza kabisa, maji. Wageni wa Minnesota huogopa baridi, na kweli hapa huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Lakini ekinasea ya zambarau huvumilia baridi hiyo vizuri, na theluji ikitulia juu yake huifaa kama blanketi. Kinachoiua ni kulala miezi mitano kwenye udongo uliolowa. Kabla ya kupanda, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywee, kisha ulijaze tena. Ukikuta maji bado yamo asubuhi ya pili, tafuta mahali pengine au inua tuta. Mimi nina udongo mzito wa mfinyanzi, nikainua tuta la sentimita 20 kwa udongo ule ule uliochanganywa na mboji kiasi, na tangu hapo sijapoteza mche kwa kuoza. Matandazo yasiguse shingo ya mmea. Acha nafasi ya upana wa kiganja kuuzunguka.

Mahali pawe na jua la saa sita au zaidi. Mche na mche upishane kwa sentimita 45 hadi 60, maana pakibana majani hushika ukungu mweupe mwisho wa kiangazi. Mwaka wa kwanza mwagilia kwa kushibisha mara moja kwa wiki kama mvua haijanyesha. Mwaka wa pili mpira wa maji upumzike, isipokuwa kwenye ukame wa kweli. Mbolea siweki kabisa siku hizi.

Sasa mbegu, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Miche ya kununua ni ghali, na mbegu za kutosha bustani nzima bei yake haifiki hata ya mche mmoja. Mbegu hizi huota vizuri zikipitia kwanza baridi yenye unyevu kwa mwezi mmoja au zaidi. Wengine huziweka kwenye friji ndani ya karatasi iliyolowa. Mimi natumia madumu ya maziwa, yale ya plastiki yanayopitisha mwanga. Mwezi wa kwanza nalikata dumu katikati nikiacha upande wa mpini uwe bawaba, natoboa matundu chini, naweka udongo wa sentimita 10, natawanya mbegu na kuzifunika kidogo tu. Nafunga kwa utepe wa gundi, natupa kifuniko, nalitoa nje. Theluji inaingia kwa mdomo wa dumu, inayeyuka, inaganda, inayeyuka tena. Mwezi wa nne, siku moja ukiinama kuchungulia, utaona vijani viwili viwili vya duara vimejipanga udongoni, hakuna aliyeviamsha. Nimefanya hivi miaka saba, na bado nikiviona mapigo ya moyo hubadilika. Ila ujue: mwaka huo utapata majani tu. Maua mara nyingi ni mwaka wa pili.

Kwenye aina, ushauri wangu ni kuanza na ekinasea ya zambarau ya asili, au Magnus, ambayo mwaka 1998 ilichaguliwa kuwa mmea wa kudumu wa mwaka huku Marekani. Zile za rangi ya chungwa na njano zinavutia sana kitaluni. Nilinunua mara mbili, na mara zote mbili hazikuvuka majira ya baridi ya pili. Zile zenye petali zilizorundikana kama pomponi sizipandi kabisa, kwa sababu nyuki anahangaika juu yake na kuondoka bila kitu.

Simama mbele ya ua moja la kawaida asubuhi, utanielewa. Kile kichwa cha katikati, chenye miiba kama shokishoki, ni mamia ya maua madogo madogo. Hayachanui kwa pamoja. Yanaanza pembeni, pete nyembamba ya chavua ya manjano, na kila siku pete hiyo inapanda kidogo kuelekea kileleni. Nyuki wale wanene wenye manyoya wanaizunguka pete hiyo kwa miguu, hatua kwa hatua, na ukiangalia pete imefika wapi unajua ua lina umri gani.

Kuna ugonjwa mmoja lazima niuseme, kwa sababu huruma yangu iliueneza. Mwaka wa nne ua moja lilitoka kijani badala ya zambarau, na kwenye kichwa chake vikachipua vijani kama vishada. Nikadhani mmea una njaa, nikaubembeleza. Wiki kadhaa baadaye minne mingine ilikuwa hivyo hivyo. Ni ugonjwa wa manjano wa asta (asta ni ua la jamii moja na ekinasea), unaoletwa na vimelea viitwavyo fitoplazma, na kijidudu kirukacho kinachofyonza utomvu ndicho kinachouhamisha kutoka mmea hadi mmea. Hauna dawa. Ukiuona, ng'oa mmea na mizizi yake siku hiyo hiyo, utie kwenye mfuko wa taka. Kung'oa mmea ulio hai kunauma, najua. Ng'oa. Mbawakawa wa Kijapani, wanaotafuna petali mwezi wa saba, ni tabu ndogo: waokote asubuhi na mapema wakiwa wazito, uwatumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Wengi huniuliza kuhusu dawa. Wenyeji wa mbuga za huku walitafuna mzizi wa ekinasea ya majani membamba kwa maumivu ya jino, na ni kweli unatia ulimi ganzi. Lakini mimi sichimbi. Mzizi ndio mmea wenyewe.

Vuli ikifika, weka mkasi chini. Mwaka juzi nilimpigia mama kwa video nikiwa uani. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akanyamaza akitazama nyuma yangu.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana mama, mzima kabisa."

"Mbona shamba umeliacha vichaka hivyo? Watu wanapita hapo."

Nikamgeuzia simu. Juu ya kichwa kimoja cheusi kilichokauka alikuwa chiriku, ameinamia mbegu, akizichomoa moja moja huku bua likiyumba. Wawili wengine walikuwa wakingoja zamu. Mama akaita wajukuu waje kuona.

Mabua yanakaa hivyo hadi theluji iishe. Mwanzoni mwa mwezi wa tano nayakata, lakini siyakati hadi chini. Naacha visiki vya sentimita 30 hivi, kwa sababu kuna nyuki wadogo wapweke wanaotaga ndani ya mabua. Machipukizi mapya huchelewa, kwa hiyo usifukue kutafuta. Yakitokea, zungushia wavu wa kuku mpaka yafike urefu wa goti, maana sungura wa huku huyala hadi chini kwa usiku mmoja. Kufika Juni majani yameshavifunika visiki, na ukipekua taratibu utakuta kimoja au viwili ambavyo tundu lake la juu limezibwa kwa udongo.