Spika za paneli: sogeza kwanza, nunua baadaye

SWALI: Habari fundi. Niko Leicester, Uingereza, mwaka jana nilipata spika za paneli, Quad ESL-63, za mtumba kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama nyumba. Mimi ni mtu wa taarab na rumba za zamani. Sebule yangu ni mita 5 kwa 3.6, spika ziko upande mfupi, nusu mita tu kutoka ukutani maana watoto wanacheza pale katikati. Sasa qanun na fidla zinasikika safi ajabu, lakini waimbaji wanakuwa wembamba kama hawana kifua, besi ya rumba ndo hamna, alafu sauti ya spika ya kushoto iko chini kuliko ya kulia. Nimetenga pauni 1,000 na naambiwa ninunue kebo nzuri na ampu (amplifaya) kubwa. Nianze na ipi?

JIBU: Ndugu yangu, nakuomba hizo pauni 1,000 ziache kwanza wiki mbili. Kosa liko kwenye ile nusu mita.

Spika ya kawaida ina boksi linalozuia sauti ya nyuma. Yako haina boksi, ni plastiki nyembamba sana iliyotiwa chaji ya volti zaidi ya 5,000 na kutandazwa katikati ya bamba mbili zenye matundu, ikicheza inatoa sauti mbele na nyuma sawasawa, ila ya nyuma iko kinyume, yaani huku ikisukuma kule inavuta. Ile ya nyuma inagonga ukuta, inarudi, inakutana na ya mbele. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, sasa chukua 340 ugawe kwa safari ya kwenda ukutani na kurudi. Wewe ni nusu mita kwenda na nusu kurudi, jumla mita 1, kwa hiyo kwenye hezi 340 hivi (mitetemo 340 kwa sekunde) sauti mbili zinauana na kuacha shimo, na hapo ndo kuna nyama ya sauti ya mwimbaji! Ukizivuta hadi mita 1.2 lile shimo linashuka karibu na hezi 140, na mwangwi wenyewe unafika umechelewa na umechoka kwa hiyo hauharibu sana.

Kwa hiyo zivute mita 1.2, kochi liweke mita 2.6 mbele yake, nyuma ya kichwa chako itabaki nafasi kama ile ile, usikae umeegemea ukuta. Kuta za pembeni zisikutie wasiwasi, spika hizi ubavuni hazitoi karibu chochote, ndo raha yake kwenye chumba chembamba. Zigeuze kidogo zikuangalie. Ukuta wa nyuma yake usiujaze sponji, kabati la vitabu linafaa zaidi, linatawanya sauti badala ya kuinyonga.

Halafu zinyanyue. Hili watu wengi wanalipuuza na mimi linaniuma kweli. Peter Walker, mwanzilishi wa kampuni ya Quad kule Huntingdon, Uingereza, alianza kazi ya spika hii 1963 na ikaingia sokoni 1981, na muda wote ule alikuwa anatafuta jambo moja, sauti ionekane inatoka kwenye nukta moja kama sentimita 30 nyuma ya paneli, ndo maana ndani bamba zimegawanywa duara ndani ya duara, ya katikati inaanza kutoa sauti na za nje zinachelewa kidogo kidogo. Sasa ukiiweka chini sakafuni ile nukta iko usawa wa magoti na wewe umekaa kwenye kochi, kazi yote ile inapita chini ya masikio yako. Tafuta stendi nzito isiyotikisika, sentimita 30 hivi.

Watoto je? Bandika vipande vya tepu sakafuni, jioni wakilala unazivuta hadi kwenye alama, asubuhi unazirudisha. Mtu mmoja anaziweza.

Ya kushoto: badilishana kebo za kulia na kushoto kwenye ampu. Kama udhaifu umehamia kulia basi ni ampu au chanzo cha muziki, kama umebaki kushoto ni spika yenyewe. Iache kwenye umeme siku mbili ijichaji, inakula umeme kidogo sana. Sauti yake isipopanda, pauni zako ziende kwa fundi anayejenga upya paneli hizi, maana gundi ya zamani huachia. Wavu wa spika usifungue mwenyewe hata kama umechomoa plagi, chaji inabaki ndani.

Ampu nzuri ya wati 100 inatosha. Kebo ziache. Besi itaongezeka ukifanya haya lakini dirisha halitatikisika, ukiona bado una njaa ndo tuongee sabufa.

SWALI: Fundi, kaka yangu aliyeko Ujerumani anataka kunitumia spika za aina hii hapa Tanga. Zitaishi na hewa ya bahari?

JIBU: Unyevu na vumbi vikichanganyika chaji inavuja, utasikia tiki tiki na sauti inapungua. Kama una chumba chenye kiyoyozi kinachowaka mara kwa mara, mwambie atume. Kama madirisha yako wazi mchana kutwa, mwambie akutumie spika za boksi.