Uliza Bibi Shamba: Miche 1,500 tulipanda, saizi hamna kitu

Swali: Shikamoo bibi shamba, kamwene. Mi niko kijiji kimoja huku Mufindi. Mwaka jana tulipanda miche 1,500 kuzunguka chanzo chetu cha maji na pembeni ya shule, viongozi wakaja, picha zikapigwa, soda zikanywewa, saizi ukipita pale hamna kitu yani, mbuzi wamekula, mingine imekauka na iliyobaki ikaisha na moto wa mwezi wa kumi. Mwaka huu tunaambiwa tupande tena na watu wamegoma. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu, kamwene. Waliogoma siwalaumu, mi ningekuwepo ningegoma nao.

Hujasema mlipanda mwezi gani ila nakisia ilikuwa tarehe 1 Aprili, siku ya taifa ya kupanda miti, maana ndo siku ya wageni na soda. Sasa huku kwetu mvua inaanza Novemba au Desemba na ikifika mwezi wa tano imeshakata, kwahiyo mche wa Aprili unakunywa wiki chache tu alafu unakutana na ile baridi ya Juni na Julai inayobabua majani kama yamemwagiwa maji ya moto, na ukipona hapo kiangazi kinakungoja. Pandeni Desemba mwishoni au Januari, ardhi ikishalowa chini kabisa na sio juu juu. Hiyo siku ya Aprili iacheni iwe ya kupalilia na kujazia mapengo, na wageni wapewe majembe.

Kingine kiriba, ule mfuko wa nailoni wa mche, kitolewe jamani! Nimeshang'oa miche mingi iliyokufa nakuta mizizi imejizungusha humo humo kwenye nailoni, mtu alikuwa na haraka akafukia na kiriba chake ili idadi itimie. Hii ya kuhesabu miche iliyopandwa badala ya iliyopona ndo inatumaliza. Ningekuwa mwenyekiti wenu ningesema mwaka huu miche 300 tu, kila kaya ichukue mitano, mstari wake unajulikana, na mkutano mkuu wa kijiji ukae mwezi wa saba kila mtu aonyeshe yake. Mbuzi nao usiwasingizie, mbuzi ana mwenyewe na mwenyewe anajulikana, sheria ndogo ya faini mnaweza kuitunga wenyewe hapo hapo kijijini alafu halmashauri ya wilaya iidhinishe, ila isiwe ya kumkamata mjane mwenye mbuzi wawili huku ng'ombe wa mkubwa wanapita tu.

Moto: fyekeni mkanda kuzunguka miche na mtoe majani yote mpaka udongo uonekane, mmalize mapema majani yakianza tu kukauka, msisubiri Septemba watu wanaandaa mashamba kwa kiberiti.

Na pale kwenye chanzo naomba sana msipande milingoti, yani mikaratusi. Najua inakua haraka na nguzo zina hela, lakini inakunywa mno. Wekeni mivengi, ile miti ya asili ya mabondeni, wazee wenu wanaijua, mara nyingi ukiona mvengi umesimama peke yake bondeni maji hayako mbali. Tena sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, hivyo mkizuia tu mifugo na majembe yasiingie hapo, vichaka vingine vitajiotea vyenyewe bila hata soda.

Swali: Bibi shamba mi niko Isimani, nataka ua wa kuzuia mbuzi kwenye bustani, waya sina uwezo nao. Niweke minyaa au michongoma?

Jibu: Kwa ukame wa huko, minyaa. Kata vipande vya kama urefu wa mkono, laza kivulini siku mbili tatu utomvu ukauke, alafu chomeka karibu karibu, kama sentimita 30 hivi, mvua zikikaribia. Mbuzi hawaigusi. Ila ule utomvu ukiingia jichoni ni balaa, unaweza kukupofua, watoto wasikate, na wewe ukikata usijifute uso, ukiingia osha kwa maji mengi na uende zahanati siku hiyo hiyo. Michongoma ni mizuri na haipitiki kabisa, tatizo itakuchukua miaka miwili au mitatu kufunga na utakuwa unaipogoa maisha yako yote. Ndugu zetu wa Makete wao wasiige minyaa, baridi ya kule itaimaliza.

Swali: Niko Rungwe, jirani kapanda milingoti mpakani kabisa, mahindi yangu mistari minne ya mwisho haizai. Naweza kuikata mizizi? Ndaga fijo, asante sana.

Jibu: Upande wako chimba mfereji, kina kinachofika magotini au zaidi, mizizi utakayokutana nayo ikate. Inasaidia ila itarudi, kwahiyo kila baada ya misimu miwili urudie. Kabla hujashika jembe kaongee nae kwanza, nenda na mwenyekiti wa kitongoji, mwambie akivuna hiyo aweke migravilea maana haigombani sana na mazao. Na visiki asiviache hivyo hivyo, mlingoti ukiukata unachipua tena, utajikuta umerudi kuniuliza swali hili hili.